Mlima Haumo

Usiku huu naiamsha Bodele kwa kidole kimoja.
Kaskazini mwa Chadi, bonde lililokuwa ziwa:
maji yaliondoka, vijimea vyake vikakauka,
vikawa unga mweupe, mwepesi kuliko sembe.
Upepo unajibana kati ya safu mbili za milima,
unatoka na kasi, na unga unanyanyuka.
Hayo ni ya kwenye kioo. Hapa Pasua
umeme umekatika tangu magharibi
na betri ina saa moja na robo.

Nimeigawa dunia visanduku,
kila kimoja upana wake kilomita mia,
juu yake vingine, ghorofa thelathini na mbili hadi hewa inapokonda.
Kila mlango nabisha kama karani wa sensa:
vumbi gani limeingia, lipi limetoka,
lipi limechoka likaanguka?
Siku ya tano linaiacha pwani ya magharibi.
Siku ya nane liko juu ya Atlantiki, rangi ya chai ya maziwa.
Punje nzito zimezama, nyepesi zinaendelea;
safari zote ndivyo zilivyo.
Kisha mvua inalishusha kwenye misitu ya Amazoni,
na mti usioijua Chadi
unalamba fosforasi ya ziwa lake.

Mama anaingia na taa ya chaji.
Anasimama nyuma yangu, anatazama rangi.
“Aikaruwa, na sisi tuko wapi humo?”
Namwonyesha kisanduku. Kimoja tu.
Humo mna Pasua na Machame, mna miwa ya tambarare,
mna soko la Mbuyuni na deni lake la maharage,
vyote nimevipa namba moja, ya wastani.
“Na mlima?”
Mlima haumo, mama.
Ukitandaza kilele kwenye kilomita mia
kinabaki kijilima cha mita elfu moja mia nne.
Upepo unakiruka kama tuta la barabarani.
Anacheka kwa pua.
“Basi hesabu yako haijapanda.”

Baba alipanda.
Mwaka ule wageni walipoitoboa barafu ya Kibo
wakaitoa vipande vipande kama magogo,
Anaeli, baba yangu, alishuka na gogo moja mgongoni,
akikimbizana na jua.
Alitusimulia: ndani yake kulikuwa na mstari,
mweusi, mwembamba, kama uzi uliosahaulika kwenye pindo.
Wakamwambia ni vumbi la ukame wa kale,
kabla ya migomba yenu, kabla ya majina yenu.
Hakuuliza limetoka wapi.
Niliuliza mimi. Nilikuwa na miaka saba,
na sijaacha.

Tulimzika kihambani, mwezi wa Agosti.
Mchungaji alisema mavumbi kwa mavumbi, akatupa udongo,
nami, Mungu anisamehe, nikawa nakadiria:
punje kubwa namna hii haziendi mbali.

Dakika kumi na moja.
Kilichonyanyuka hakilingani na kilichoanguka,
kuna tani nimezipoteza njiani.
Mama anapitisha kidole juu ya kabati la vyombo,
ananiletea, kijivu hadi kwenye kiungo.
“Hili nililifuta asubuhi.”

Nalitazama. Naacha Atlantiki ijiendeshe.
Narudi kwenye kisanduku chetu, nakipasua
mara kumi, kisha kila kipande mara kumi.
Kompyuta inahema. Inapata moto magotini.
Kona ya kaskazini namba zinaanza kupanda,
elfu mbili,
elfu mbili mia tisa,
upepo unagonga kitu, unageuka,
elfu tatu mia saba—

Giza.

“Ulifika wapi?”
Karibu na Horombo, mama.
Anakaa kitandani, chaga zinalia.
“Hapo ndipo baba yako alipokuwa akivua viatu.”